Mgongo wa Baba

Dindira, Korogwe
12 Machi 2023

Dada yangu Mwaija,

Assalaam alaykum, na shikamoo. Natumaini u mzima wewe, mwanao Ikram na mkewe, wajukuu, na mdogo wetu Rehani. Sisi huku hatujambo. Ukungu haujaondoka tangu Jumatano, na Maryamu amekwisha panda maharage kile kipande cha bondeni ingawa nilimwambia asubiri mvua ishike. Unamjua wifi yako.

Utashangaa kupata barua. Lakini tangu masikio yako yapungue nguvu, kila nikikupigia simu inabidi mke wa Ikram akurudishie maneno yangu kwa sauti, na uani wote mnasikia. Mara ya mwisho nilipiga kelele mpaka watu kwenye banda la kupimia chai wakageuka. Sadala, dereva wa basi la Korogwe na Handeni, amekubali kutubebea barua. Ataziacha dukani hapo Sindeni kituoni.

Nina jambo dogo la kuuliza. Ule mgongo wa Baba, uliomlaza mpaka akafa, ulianzaje? Mimi nilikuwa huku kiwandani, nikaja kuwahi maziko tu. Wewe ndiye uliyemuuguza. Nauliza tu.

Mdogo wako,
Sharifu


Sindeni, Handeni
9 Aprili 2023

Mdogo wangu Sharifu,

Wa alaykum salaam, marahaba. Barua nimeipata, imekaa dukani siku kumi kwa sababu muuza duka alidhani ni ya Mwaija mwingine. Tunaendelea na mfungo salama. Mahindi yamefika magotini. Ikram amepata safari za kupeleka machungwa Dar, kwa hiyo haonekani nyumbani. Rehani ameezeka nyumba yake kwa bati, alipanda juu mwenyewe akapigilia misumari kutwa nzima huku amefunga, miaka hamsini na saba yote ile. Nilimfokea, akacheka.

Kuhusu Baba, mgongo ni mgongo. Alikata mkonge miaka kumi na minane kule Mazinde kabla hatujahamia huku, utasemaje mtu kama huyo asiumwe mgongo? Ulianza, ukazidi, akafa. Ni miaka thelathini na moja sasa. Tumwachie Mungu.

Kwa nini unauliza? Kama ni wewe unaumwa, acha kubeba kuni na umwambie Maryamu akukande maji ya moto.

Dada yako,
Mwaija


Dindira
2 Julai 2023

Dada Mwaija,

Shikamoo. Idi ilipita vizuri, tulichinja mbuzi wawili pamoja na jirani. Maharage ya Maryamu yalitoka vizuri na amekuwa akinikumbusha kila siku.

Dada, nikwambie kweli. Haya si mambo ya kaka kumwambia dada yake, ndiyo maana nilizunguka mara ya kwanza. Tangu Ramadhani ya mwaka jana mkojo unanisumbua. Nasimama muda mrefu, unatoka kidogo, unakatika, nikirudi kukaa unanitaka tena. Nilikwenda zahanati nikapewa dawa za U.T.I., nikamaliza, nikapewa nyingine. Baadaye nikanywa mizizi ya mzee mmoja wa Bungu kwa miezi mitano. Mkojo ukawa afadhali kidogo, nikajidanganya kwamba yamekwisha. Kumbe mgongo ndio ulikuwa unaanza, huku chini kiunoni, na sasa nikipanda pikipiki kushuka Korogwe kila shimo la barabara nalihesabu kwa mifupa.

Wiki tatu zilizopita Maryamu alinishinda maneno, nikaenda kumwona daktari mmoja Korogwe, Deogratius. Alinipima kwa namna ambayo sitaiandika, ila ilichukua muda mfupi kuliko kunyolewa ndevu na haikuniua. Akachukua damu pia. Kisha akaniuliza: "Katika familia yenu, baba, baba mdogo, kaka, kuna aliyekuwa na ugonjwa wa tezi dume?" Nikasema sijui. Akauliza baba alikufa na nini. Nikasema mgongo. Akaacha kuandika akaniangalia.

Kwa hiyo nakuuliza tena, dada, na safari hii siulizi tu. Ulianzaje?

Sharifu


Sindeni
20 Agosti 2023

Mdogo wangu Sharifu,

Marahaba. Nimeumia kusikia habari zako. Nimemwomba imamu akuombee dua bila kumwambia ugonjwa. Nakutumia kwa Sadala mfuko wa unga wa mahindi mapya na asali ya Rehani, ambayo ameirina mwenyewe. Yeye hajambo, ana nguvu za kijana.

Fuata anavyosema daktari. Majibu yakitoka unijulishe upesi.

Lile swali lako nimelisoma. Sina jibu la kuliandika.

Mwaija


Dindira
15 Oktoba 2023

Dada,

Shikamoo. Unga na asali vilifika, ahsante.

Majibu ya damu yalitoka juu sana. Mtu kama mimi alitakiwa awe chini ya nne au tano, mimi nilikuwa mia moja themanini na sita. Nikapelekwa hospitali kubwa Moshi, wakanikata vinyama vidogo vidogo kwenye tezi, wakanipiga picha ya mifupa. Ni saratani ya tezi dume. Imeshaingia kwenye mifupa ya mgongo na nyonga.

Nilimwambia daktari kwamba haiwezekani, mimi nimeanza kuumwa mwaka jana tu. Akanieleza taratibu, nami nakueleza alivyosema. Tezi hii ni kitu kidogo kama ndimu changa, imeuzunguka mrija wa mkojo. Wazee wengi inavimba kwa ndani tu, inabana mrija, na hiyo si saratani. Lakini saratani mara nyingi huanza upande wa nje, mbali na mrija, kwa hiyo haibani kitu. Haiumi. Mtu analima, anaoa, anajenga, na kitu chenyewe kiko humo kinakua polepole, miaka kumi, pengine kumi na mitano. Wengine wanazeeka nacho na kufa kwa ugonjwa mwingine bila kujua. Kwa wengine kinatoboa ganda la tezi kinatoka, kinafuata damu, na kinapenda mifupa. Siku mtu anaanza kulalamika, mara nyingi kimekwisha toka nje. Alisema, "Mzee, wakati ulipokuwa hujisikii chochote ndipo tulipokuhitaji hapa."

Wanasema haiponi tena, lakini inaweza kulazwa kwa muda mrefu. Inakula homoni za kiume, na hizo zikikatwa inalala. Kuna sindano za kila miezi mitatu, ambazo huku kwetu mara zipo mara hazipo. Au upasuaji mdogo wa kuondoa kende zote mbili, ukaisha siku hiyo hiyo.

Nimewaambia nitafikiri. Nimerudi nyumbani. Maryamu anajua ni tezi, hajui zaidi ya hapo. Usimwambie mtu, na usinijibu kuhusu hili.

Sharifu


Sindeni
22 Oktoba 2023

Sharifu,

Sikusalimii kwa kirefu. Barua yako imefika jana Jumamosi na leo nakujibu ingawa umenikataza.

Asubuhi nimepika ugali na maharage nikawalisha maskini kumi. Majirani wameuliza kuna nini, nimesema sadaka. Si sadaka, ni kafara. Navunja kiapo nilichomwapia Baba, na sasa nasema.

Haukuanza mgongo. Ulianza mkojo, vile vile kama ulivyoandika, kusimama na kukatika. Alificha mwaka mzima. Mimi nilijua kwa sababu ya shuka. Kuna asubuhi niliona damu, nikadhani kichocho, yeye akasema ni kichocho. Nikawa nafua shuka zake mtoni peke yangu kabla wanawake wengine hawajashuka. Halafu mgongo ukaanza. Tulikwenda hospitali moja ya misheni, mimi na yeye, tukawaambia watu tunakwenda kumwona shangazi. Daktari wa kule alimwambia maneno hayo hayo uliyoambiwa wewe. Tezi, mifupa, na upasuaji ule ule. Wakati ule hawakuwa hata na sindano za kumpa achague.

Baba alikataa. Alisema hawezi kuzikwa nusu mwanamume, na waosha maiti wakaenda kusimulia. Tuliporudi, njiani, alinishika mkono akasema, "Mwaija, waambie ni mgongo." Nikaapa. Nilikuwa na miaka thelathini na sita, wala sikuona kosa. Niliona namsitiri baba yangu.

Sasa nikwambie alichokipata kwa kukataa, maana hukukiona. Miezi minane. Baada ya mwezi wa tatu miguu ilikufa ganzi, siku moja aliamka akashindwa kuisimamia. Nilikuwa namgeuza kama mtoto, na kila nikimgeuza analia, mtu ambaye hajawahi kulia mbele yetu. Mkojo uliziba, ukawekewa mpira, mpira ukaziba. Ile heshima aliyoikimbilia hakuipata, Sharifu. Alikufa mikononi mwa binti yake, amevuliwa kila kitu, na mwili wake wote alikuwa nao kamili. Haukumsaidia.

Mimi nimemwosha baba mmoja kwa ugonjwa huu. Sikuoshi wewe.

Usiniandikie kwamba unafikiri. Alhamisi napanda basi la Sadala mpaka Korogwe, kisha nakuja huko juu kwako. Mwambie Maryamu aandae kitanda.

Mwaija


Dindira
3 Desemba 2023

Dada Mwaija,

Shikamoo. Ahsante kwa kufika, na pole kwa ile pikipiki. Maryamu mpaka leo anawasimulia watu jinsi bibi wa miaka sitini na saba alivyopanda mlima huku amemshika dereva masikio.

Nilidhani umekuja kunihubiria. Ukakaa siku nne, ukapalilia na Maryamu, ukachambua maharage, hukusema neno la ugonjwa. Siku ya nne ndipo niliposhindwa mwenyewe, nikakwambia nitakubali upasuaji. Mengine uliyaona, ila kuna jambo hukuliona kwa sababu lilitokea wewe umekwisha ondoka.

Nilimweleza Maryamu yote, na upasuaji utakavyotuacha mimi na yeye. Nilikuwa natazama chini. Akasema, "Mwaka mzima umenigeuzia mgongo. Nilidhani una mwanamke mwingine Mombo." Alilia, dada, lakini kilio chenyewe kilikuwa kama cha mtu aliyetua mzigo. Kesho yake alinifungia begi kabla sijaamka.

Nilifanyiwa upasuaji tarehe 14 Novemba. Haukuchukua saa nzima, na hawakunilaza usingizi, walinichoma sindano ya ganzi ya mgongoni tu. Siku ile jioni nilikunywa uji. Sitakudanganya kwamba nilikuwa na furaha. Nilipofika nyumbani nilikaa chumbani siku mbili sikutaka kuonana na mtu. Siku ya kumi na mbili niligundua nimeinama kuvaa viatu na sijaguna. Nilivivua nikavivaa tena kuhakikisha. Sasa naona joto la ghafla mwilini, jasho jembamba, kama mlivyokuwa mnalalamika ninyi wanawake, na Maryamu ananicheka.

Sasa la muhimu. Deogratius aliposikia habari ya Baba, niliyomweleza kama ulivyoniandikia, aliweka kalamu chini. Baba na mtoto, alisema, ni alama kubwa. Ndugu wa kiume wapimwe wakiwa wazima, wasisubiri dalili. Ameniuliza nina ndugu wangapi wa kiume. Nimesema mmoja.

Dada, Rehani haumwi popote. Ndiyo maana naogopa.

Sharifu


Sindeni
25 Februari 2024

Mdogo wangu Sharifu,

Marahaba, na Mungu azidi kukupa nafuu. Nimechelewa kwa sababu sikutaka kukuandikia nusu ya habari.

Rehani nilimfuata shambani. Nilimwambia akapime, akacheka, akasema amebeba gunia la mahindi asubuhi ile ile, apime nini. Nikamwambia na Baba alibeba magunia. Akasema Baba alikufa kwa mgongo. Basi ikabidi nimwambie, pale pale katikati ya mahindi, amesimama na jembe.

Hakukasirikia ugonjwa, alinikasirikia mimi. Alisema yeye alikuwa kijana wa miaka ishirini na sita, analala chumba cha pili, na miezi yote ile alikuwa anakwenda kwa waganga kumtafuta aliyemroga baba yake. Kuna jirani yetu hakumsalimu tangu mwaka ule, Sharifu. Miaka thelathini na moja hakumsalimu mtu asiye na kosa, na yule mtu amekufa. Mimi nilikuwa namwona asubuhi na jioni anampita na sikusema.

Hakuja kwangu siku tisa. Siku ya kumi alikuja alfajiri amevaa shati la safari. Akasema, "Twende."

Daktari alimpima kwa mkono asione tatizo lolote. Damu ilikuwa kumi na moja. Nikasema kumi na moja si kitu, mwenzake alikuwa mia na themanini. Deogratius akaniambia niketi chini. Wakampeleka Moshi, wakakata vinyama kumi na viwili. Vitatu vimekutwa nayo. Mifupa ni safi, na haijatoka nje ya tezi. Daktari wa kule alimwambia kwamba kama angesubiri mpaka aumwe, pengine angekuja baada ya miaka mitano au sita, akiwa kama ulivyokuja wewe. Wamempa tarehe ya kuitoa tezi yote, mwisho wa Machi.

Ameniuliza njiani, "Nina saratani, na sasa hivi nina njaa tu. Inawezekana vipi?" Nikamnunulia chapati.

Sasa mdogo wangu. Nimehesabu miaka ambayo daktari wako alisema ugonjwa unakaa kimya. Kama ningesema ulipofika miaka hamsini, ungepimwa wakati ule kama Rehani. Sijifichi katika hilo, na sitaki uniambie ni mipango ya Mungu. Nilinyamaza, wewe ukalipa. Naomba unisamehe.

Mwaija


Dindira
24 Machi 2024

Dada Mwaija,

Shikamoo, na Ramadhani njema. Maryamu anafunga kwa niaba ya wote wawili, mimi daktari amenizuia mwaka huu.

Nimepima damu tena. Imeshuka mpaka nne. Jana nilichuma chai mistari miwili, polepole, kisha nikakaa.

Uliloniomba nimelisoma na sikukujibu upesi kwa sababu siku mbili za kwanza nilikasirika kweli. Niliona miaka yangu. Siku ya tatu nilikumbuka kwamba mimi nilikuandikia "usimwambie mtu" baada ya kujua yote yale, na ningekuwa na binti karibu ningemwapisha vile vile. Nimekusamehe, dada. Lakini nakutaka jambo moja. Tuna watoto wa kiume, tuna wapwa, tuna ukoo mzima hapo Sindeni ambao wanajua Baba alikufa kwa mgongo. Wewe pekee ndiye uliyekuwepo naye kwa daktari. Waambie, tena wote, wakiwa wamekaa pamoja.

Ningekuja mimi, lakini barabara bado inanishinda.

Sharifu


Sindeni
28 Aprili 2024

Mdogo wangu Sharifu,

Marahaba. Rehani alifanyiwa upasuaji tarehe uliyoijua, wakatoa tezi yote. Mpira wameuondoa wiki ya pili. Mkojo bado unamponyoka akikohoa, wamesema utashika taratibu. Amekonda, lakini juzi nimemkuta anawafokea vijana wanaopalilia vibaya, nikajua yuko salama.

Baada ya Idi tulisoma dua ya marehemu wetu kama kawaida. Wanaume walikuwa ndani ya ua, wamekwisha kula. Mimi nilikuwa na wanawake jikoni. Nikajifunga khanga nikaenda kusimama mbele yao. Ikram alinivuta mkono, nikamwambia aniache. Nikasema kwa Kizigua, ili asiwepo wa kujifanya hakuelewa. Nikasema Baba yangu, Mhina, hakufa kwa mgongo wala kwa uchawi. Nikataja ugonjwa, nikataja mahali unapokaa mwilini, nikataja jina la yule jirani tuliyemsingizia, na mwanawe alikuwa amekaa pale. Nikasema Sharifu anao, Rehani alikuwa nao na hakujua, na kila mwanamume wa nyumba hii aliyetimiza arobaini akapime angali mzima.

Rehani alisimama kwa shida, fimbo mkononi, akaenda kukaa karibu na mwana wa yule jirani, akampa mkono. Yule mtu alikawia kidogo kisha akaupokea.

Baba mdogo Sufiani ndiye aliyekasirika. Unamjua, ana miaka themanini na nne na hapendi mwanamke aongee kwenye kikao. Alisema nimemvua nguo kaka yake kaburini. Aliongea muda mrefu, sikusikia yote, nikamwomba asogee upande wa sikio langu zima arudie. Alisogea. Nadhani alitaka kunitukana kwa karibu. Lakini alipofika alitazama watu, kisha akaongea kwa sauti ambayo wenzake hawakuisikia.

Alisema, "Na mimi ni mwaka wa tatu sasa."

Jumatatu nakwenda naye Korogwe, pamoja na Ikram na wapwa wawili. Baba mdogo ameniomba niingie naye mpaka ndani kwa daktari, maana yeye hataweza kuyatamka. Nimemwambia asihofu, nitayatamka mimi.

Dada yako,
Mwaija